Chemshabongo ya Kiswahili ihesabu silabi, si herufi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni kuhusu mchezo wa kutafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi tano, ambao hapa Kisumu umeingia hadi ndani ya matatu za kwenda Kakamega: abiria huinamia simu tangu Kondele, na gari likifika Chavakali bado anasaka neno lenye R na A lakini lisilo na E. Baadhi ya walimu wenzangu wameanza kuutumia darasani, na sasa nasikia pendekezo kwamba magazeti ya Kiswahili nayo yachapishe mchezo uo huo kwa lugha yetu, yaani visanduku vitano, majaribio sita na neno moja kwa siku. Gazeti kuwa na mchezo wa maneno naliunga mkono kabisa. Visanduku vitano ndivyo ninavyovipinga.

Mchezo huo, Wordle, ulibuniwa na Josh Wardle, mhandisi wa programu, ukafunguliwa kwa umma mwaka 2021, na mwanzoni mwa 2022 ukanunuliwa na gazeti la New York Times. Magazeti na michezo ya namna hii yamejuana siku nyingi. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyebuni Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vyenye herufi na alama, katika miaka ya 1930 alipokuwa hana kazi, alikaa akihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue ipi hujitokeza sana na ipi ni adimu. Ndiyo maana katika vigae 100 vya Scrabble ya Kiingereza, E ina vigae 12 vya alama moja moja, ilhali Q na Z zina kigae kimoja kimoja chenye alama 10. K nayo imepewa kigae kimoja tu. Hebu mtu ajaribu kucheza kwa Kiswahili akiwa na K moja!

Michezo hii, basi, hupima tabia ya herufi katika lugha fulani kuliko inavyopima ujuzi wa lugha yenyewe. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kuzungumza Kifaransa, kwa kukariri orodha ya maneno. Kwa hiyo mwalimu anayewagawia wanafunzi orodha ya maneno ya herufi tano yenye Q isiyofuatwa na U, kama vile qanat na talaq, asijidanganye kwamba anawapa msamiati wa insha.

Tukija kwa Kiswahili, tabia ya herufi ni nyingine kabisa. Maneno yetu karibu yote huishia kwa vokali, hivyo kisanduku cha tano kimekwisha kupunguzwa hadi herufi tano kabla mchezaji hajaanza. C haitembei bila H, kwa hiyo anayeipata moja amezawadiwa ya pili. Upande mwingine mchezo unakuwa mgumu kwa bahati tu. Mchezaji aliyekwisha kupata -amba atachagua vipi kati ya kamba, mamba, pamba, namba, gamba, bamba, tamba, lamba na wamba, ilhali majaribio yote ni sita? Kiingereza kina mtego kama huo katika light, might, night, right, sight, tight na fight, na wachezaji huulalamikia. Sisi tungeukuta pia kwenye banda, ganda, kanda, panda na tanda, kisha kwenye funga, tunga, punga na kunga, na sijamaliza. Isitoshe, mtoto ataingia katika visanduku vitano lakini watoto watabaki nje, na sijui ng'ombe tutamhesabia ile alama yake au la.

Silabi huondoa karibu matatizo haya yote. Ng'ombe ana silabi mbili, mtoto ana tatu kwa kuwa M yake husimama peke yake, na mwanafunzi anayecheza hulazimika kufanya kazi ile ile ambayo sisi walimu humsihi aifanye kila siku, yaani kulikata neno mahali linapokatika. Napendekeza maneno ya silabi tatu, nomino katika umoja na vitenzi kama vinavyoorodheshwa katika kamusi, bila viambishi vya nafsi wala vya njeo, maana tukiruhusu anasoma, nilisoma na watasoma hakutakuwa na mwisho.

Kwa kuwa karatasi haiwezi kumjibu msomaji kwa rangi kama simu inavyofanya kuonyesha herufi zipi zimo na zipi ziko mahali pake, gazeti lichapishe majaribio matatu yaliyokwisha kusahihishwa, na msomaji akisie neno lililofichwa. Kwa mfano: katika kabati, silabi ya kwanza ni sahihi na iko mahali pake, nyingine hazimo; katika furaha, ya pili ni sahihi na iko mahali pake, nyingine hazimo; katika ngamia, ya kwanza imo ndani ya neno lakini si mahali hapo, nyingine hazimo. Mtoto wa darasa la tano atafikia karanga bila kamusi wala simu, na akiulizwa amefikaje ataweza kueleza hatua kwa hatua.

Nafasi inayohitajika haizidi ile ya tangazo dogo. Jibu litoke siku inayofuata, likiwa limekatwa silabi, na walimu wa huku Magharibi na Nyanza watume mafumbo ya wanafunzi wao ili mhariri asiachiwe mzigo wa kuyatunga peke yake.

Mwalimu wa Kiswahili,
Kondele, Kisumu