Mabondia wa kale tuwapime kwa sheria zao

Mhariri,

Mjadala wa ndondi ukizuka hapa Nakuru, na nasikia Kisumu mambo ni yale yale, vijana hufungua simu, wakaonyeshana filamu za Jack Johnson au Bob Fitzsimmons, mabingwa wa uzani wa juu wa zaidi ya miaka mia iliyopita, wakacheka. Wanaona watu wanarukaruka kama vikaragosi, mikono chini, kidevu wazi, kukumbatiana kila mara. Hukumu hutolewa papo hapo: hawa hawakujua ndondi, Philip Waruinge wetu, bondia wa Kenya wa miaka ya 1960 na 70, angewazungusha mpaka waombe maji. Waruinge anastahili kila sifa anayopewa. Ushahidi unaotumiwa dhidi ya wale wa kale, yaani filamu hizo, ndio mbovu.

Kwanza filamu yenyewe. Kamera nyingi za enzi hizo zilizungushwa kwa mkono, zikinasa picha 16 hadi 18 hivi kwa sekunde. Zikichezwa leo kwa picha 24, mwendo unaongezeka kwa theluthi moja hadi nusu, na bega linapoanza kugeuka hulioni kabisa. Tafuta raundi moja isiyokatwa, uipime kwa saa toka kengele hadi kengele. Ikiisha kwa dakika 2 badala ya 3, punguza kasi ya simu hadi 0.75 au chini yake kidogo. Hapo utagundua kwamba Johnson harukiruki hata kidogo. Anatembea, uzito uko mguu wa nyuma, kiganja cha kushoto kiko wazi tayari kudaka mkono wa mpinzani juu ya kiwiko kabla konde halijatoka. Akishaudaka, apakati ya kulia, konde la kutoka chini kwenda juu, inafuata. Kukumbatia kwake kulikuwa ulinzi na shambulio kwa wakati mmoja.

Kisha sheria. Chini ya zile za London za 1838 ngumi zilikuwa tupu, kuangushana kwa mieleka kuliruhusiwa, na raundi iliisha mtu alipoanguka. Alipewa sekunde 30 za kupumzika na 8 za kufika kwenye alama katikati ya ulingo. Ndiyo sababu Wamarekani John L. Sullivan na Jake Kilrain waliweza kupigana raundi 75 kule Mississippi mwaka 1889, kwa saa mbili na robo hivi. Mikono ilikaa chini na mbele ili kumzuia anayetaka kukushika kiuno, na pia kwa sababu hapakuwa na glavu ya kujificha nyuma yake. Weka ngumi tupu mbili mashavuni uone nafasi inayobaki katikati. Vilevile, ukimgonga mtu kwenye paji la uso bila glavu, mifupa ya kiganja upande wa kidole kidogo huvunjika kwa urahisi. Kwa hiyo walilenga mbavu, tumbo, shingo na taya.

Sheria za Queensberry za 1867 zilileta glavu, raundi za dakika 3, pumziko la dakika 1 na hesabu ya 10 kwa aliyeanguka. James J. Corbett alizielewa kuliko Sullivan. Tarehe 7 Septemba 1892 mjini New Orleans, kwa glavu za aunsi 5, alimchosha kwa jabu, yaani konde la haraka la mkono wa mbele, na hatua za pembeni, kisha akamlaza raundi ya 21. Kwa ufundi namweka Sullivan chini kabisa ya kundi hili, ingawa jina lake ndilo kubwa. Alikuwa na mkono wa kulia wa kutisha, ila alihitaji mtu wa kusimama mbele yake.

Fitzsimmons ni habari nyingine, na makocha wetu wangefaa kumsoma. Alikuwa mhunzi, ana kilo 76 hivi, akapiga watu wa uzani wa juu. Hatua yake maarufu huenda hivi. Mguu wa kushoto uko mbele. Unatupa konde la kulia kichwani, hata lisipofika si neno; kazi yake ni kumfanya mpinzani aegemee nyuma na kuinua viwiko. Konde hilo likiwa bado njiani, mguu wa kulia unapita mbele, nyonga zinageuka, na mkono wa kushoto sasa ndio wa nyuma, una nafasi ndefu ya kukusanya nguvu. Unaupeleka kwenye chembe cha moyo, ukipanda kidogo. Anayepigwa hapo hazimii. Pumzi inakatika na miguu inakataa amri. Corbett, alipopigwa hivyo na Fitzsimmons, alihesabiwa hadi 10 akiwa macho kabisa, mjini Carson City, Marekani, 17 Machi 1897, raundi ya 14. Linaloharibu hatua hii ni kuchelewa katikati: miguu ikiwa sambamba, hata jabu jepesi linakuangusha. Wengine hutazama tumbo kabla ya kupiga, wakawa wamemwonya mpinzani.

Juu ya wote namweka Joe Gans wa Baltimore, bingwa wa uzani mwepesi kuanzia 1902. Alizuia konde kwa kusogeza mkono kidogo tu, akajibu kwa mkono huo huo kabla ya mpinzani kurudisha wake. Viwiko havikutoka mbavuni. Kutotumia nguvu ovyo ndiko kulikomwezesha kukaa na Battling Nelson raundi 42 kule Goldfield, 3 Septemba 1906, mpaka Nelson alipofukuzwa kwa kupiga chini ya mkanda. Hizo ni zaidi ya saa mbili za kupigana, bila kuhesabu mapumziko.

Sasa Waruinge. Alipata shaba Mexico mwaka 1968 pamoja na Kombe la Val Barker, lililokuwa likitolewa kwa bondia mwenye ufundi bora wa Olimpiki, kisha fedha Munich 1972. Alipigana uzani wa kilo 57. Gans alikuwa na 60 hivi. Hao ndio wa kulinganishwa, wala si Waruinge na Johnson. Kwa raundi 3 za Olimpiki nampa Waruinge, maana kasi yake ingemaliza kazi kabla Gans hajamsoma. Kwa raundi 20 na glavu za aunsi 5 nampa Gans. Atakayenipinga aeleze Waruinge angebadilisha nini ifikapo raundi ya 12, Gans akiwa tayari anaidaka kila jabu.

Mpenzi wa ndondi,
Bondeni, Nakuru