Baba, hio goti ni makosa yangu

Kijana yangu, meseji tatu nimetuma naona tiki za buluu na simu hushiki, kwa hivyo wacha niandike yote mara moja, usome ukitaka, ukikosa kutaka pia sawa lakini usifute. Niko hapa kazini Light Industries, Kariobangi, kwa sufuria zetu, moto tumezima, vijana wa kazi wameenda, sufuria za oda ya Githurai zinapoa na mimi nachapa na kidole moja, ukiona makosa vumilia.

Eeh, nimeandika vumilia. Na ni hio neno imenifanya nikae hapa usiku huu wote.

Ile Ijumaa ya mwezi wa tano ulinipigia jioni ukasema baba goti inaachia, nikishuka ngazi ni kama inataka kutoka mahali pake. Nikakuuliza imefura? Ukasema kidogo. Kochi anajua? Ukanyamaza. Mimi ndio nikasema vumilia tu hii mechi moja, kesho kuna mtu wa Sweden anakuja kukuangalia. Sasa kitu hujawahi jua ni kwamba siku hio nlikua nimeshakopa laki mbili na nusu kwa chama chetu cha akiba, msingi wa nyumba umechimbwa kule Butere, na kila mtu huko kijijini ushago nimemwambia pesa ya kijana ya kusaini iko njiani. Wewe ulidhani baba anataka ufike mbali, na ni kweli nlikua nataka, lakini mchanga na simiti pia zilikua zinataka.

Dakika ya 63 hakuna mtu alikugusa. Ulitaka kugeuka na mpira venye hugeuka, mguu ukabaki kwa nyasi, mwili ukaenda. Nlikua nimeshasimama kabla hujaanguka.

Alafu kwa daktari. Si alituonyesha kwa picha, kano ya ndani, hio wanaita ACL, imekatika yote, na gegedo imechanika pia. Akatueleza polepole ati kano ikishapata shida na mtu aendelee kukimbia, goti inacheza cheza ndani, na hapo ndio gegedo husagika. Hakujua anaongea na nani. Wewe ulikua unaangalia picha, mimi nlikua naangalia viatu zangu. Akasema hio kano haijiungi kama mfupa, itabidi watoe kamba nyuma ya paja waishone hapo, na miezi tisa ndio mapema, ikifika mwaka usishangae.

Kazi yangu unaijua. Sufuria ikitoka kwa mchanga na ufa, hata kama ni nyembamba kama nywele, siuzi, narudisha kwa moto. Miaka 20 sijauzia mama wa mtu sufuria yenye ufa. Wewe nilikutuma uwanjani.

Nimekua nikikumbuka vitu usiku. Uwanja wa Camp Toyoyo ukiwa na miaka 9, jezi imefika magotini. Alafu yale mashindano ya mtaa, Koth Biro ya Ziwani, ukiwa na 17, watu wamejaa mpaka wanakanyaga laini, ukapita wanaume wawili wenye ndevu ukafunga na mguu ya kushoto, mzee fulani nisiyemjua akanishika mkono akaweka mia mbili ati nikununulie soda. Hio soda hukuiona, nilinunua unga, leo ndio nakuambia. Mshahara yako ya kwanza ya ligi ukaletea mamako meko ya gesi, na miezi mitatu iliyofuata timu haikulipa mtu, ukatuficha, kumbe ulikua unatembea kutoka Umoja mpaka mazoezi na kurudi. Nilikuja kusikia kwa mtu mwingine kabisa. Na bado nikaenda kuchimba msingi.

Mwezi wa nane ndio niliona umeumia kuliko hata siku ya opareshoni. CHAN imeletwa hapa kwetu Kasarani, ni mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani tu, hio ilikua mlango yako na ulikua umeihesabu. Tukapiga Morocco moja bila tukiwa watu kumi, Ogam amefunga, Kariobangi yote iko nje na vuvuzela, na wewe umelala kwa sofa umegeukia ukuta. Alafu Madagascar wakatutoa kwa penalti robo fainali, mamako akalia, wewe ukasema afadhali, alafu ukamwomba msamaha. Hukua umekosa kitu. Wiki ifuatayo ukarudi Umoja na tangu hapo hatujakuona.

Watu watakutajia Victor Wanyama na lile bao alifungia Celtic dhidi ya Barcelona 2012. Mimi siku hizi nafikiria yale ya kabla. Yeye na kakake Mariga ni vijana wa Noah Wanyama, aliyechezea Ingwe yetu, AFC Leopards. 2007 huyo mdogo, Victor, alienda Helsingborg kule Sweden, timu ya kakake, akiwa na miaka 16, Mariga akaenda zake Parma kule Italia, dogo akarudi hapa Nairobi. Alirudi, baba, na begi yake, na wewe unajua maneno ya mtaa mtu akirudi. Ndio baadaye akaenda Ubelgiji, ndio Celtic. Na Michael Olunga, 2018 alikua ndani ya Kashiwa Reysol ya Japani ikishuka daraja, mwaka uliofuata akafunga mabao 8 mechi moja, 2020 akawa mchezaji bora wa ligi ya Japani. Sikuambii hizi ati ndio wewe pia utafika. Sijui kama utafika. Nilikuambia utafika mara nyingi sana mpaka ikageuka deni na ukaanza kuilipa na mguu.

Chama nimeongea nao, nalipa elfu kumi kila mwezi, si kazi yako. Msingi wa Butere ukae hivyo, nimeskia mbuzi za jirani ndio zinalala hapo. Mtu wa ushago akikupigia kuuliza mambo ya Sweden mpe namba yangu. Ajenti wako achana naye, tangu upasuliwe hata mimi hashiki simu.

Fizio wa mazoezi ya goti ndio ameniambia wiki tatu hujaenda. Anasema nguvu ya paja ikipotea sasa hio kazi yote ya daktari inarudi nyuma, na hajakasirika, amekuwekea Jumanne. Mimi Jumanne sifungui kazi. Saa moja asubuhi nitakua kwa steji hapo Umoja, tunapanda mathree pamoja, nitakaa nje kwa benchi, sitaingia ndani, na sitakuuliza utarudi lini. Hio swali nimeacha. Hata mamako nimemkataza, ingawa yeye unamjua.

Usiku huo ukija kulala nyumbani kuna omena na ugali. Yale magongo uliacha usiyatafute, mdogo wako ameyafanya nguzo za goli hapo nje na anatoza watoto wa ploti shilingi tano wacheze.

Ni mimi babako.