Mpwa wangu, nenda ukafundishe

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mama yako amenieleza kwamba chuo kikuu kimoja huko Ulaya kimekuletea mkataba: ukae muhula mzima, ufundishe ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab, uongoze kikundi cha wanafunzi, na katika muda huo wakuandalie maonyesho yako mwenyewe. Amenieleza pia jibu ulilompa, kwamba wewe ni mpigaji, na kwamba anayekimbilia kufundisha ni yule ambaye jukwaa limemshinda. Nakujibu hapa mbele za watu, bila kukutaja jina, kwa kuwa maneno hayo siyasikii kwako tu. Nayasikia kwa vijana wa taarab, wa ngoma na wa dansi, wengine wenye vipaji vikubwa mno, na kila ninapoyasikia moyo unaniuma.

Nianze na hiyo ganuni unayoipakata. Wazee wa taarab wanasimulia kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza muziki. Aliporudi alimtumbuiza Sultani kwa ganuni, na akawafundisha wengine. Angeishia kwenye kutumbuiza, ujuzi ule ungebaki ndani ya jumba la Sultani na kuzikwa pamoja naye. Ilipofika 1905 vijana wa mjini wakaunda klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa, na klabu hiyo ipo hadi leo. Na wewe umefikaje hapo ulipo? Ulisoma Dhow Countries Music Academy, shule iliyofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, ukafundishwa mchana na watu ambao usiku ulikuwa unakwenda kuwatazama jukwaani. Sijawahi kukusikia ukisema kwamba hao jukwaa limewashinda.

Sasa twende Buganda, ule ufalme ulio ndani ya Uganda, maana kuna jambo la huko ambalo nataka ulielewe vizuri. Evaristo Muyinda alikuwa mpigaji wa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda. Alipiga amadinda, ile marimba ya magogo yenye vibao kumi na viwili, na ala nyingine kadhaa za kasri. Alikuwa pia mwalimu. Mwaka 1959 alimpokea kijana kutoka Austria, Gerhard Kubik, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa muziki wa Afrika, akamfundisha kwa njia ileile waliyofundishwa wenyeji. Njia yenyewe ni hii. Mwanafunzi hapewi wimbo, anapewa kipande chake. Anakipiga kwa mikono miwili, oktava mbili pamoja, mfululizo usiosimama, mpaka mikono izoee kwenda yenyewe. Kisha mwenzake anakaa upande wa pili wa ala, wanatazamana, anaanza kuingiza mapigo yake kwenye nafasi zilizo katikati ya mapigo ya yule wa kwanza. Hapo wageni wengi hupotea, kwa sababu sikio linataka kumfuata yule mwingine, na ukimfuata tu umekwisha. Wa kwanza wanamwita omunazi, wa pili omwawuzi. Vipande viwili vikishashikana, masikioni inatokea nyimbo ya tatu ambayo hakuna aliyekaa pale anayeipiga. Na yupo mpigaji wa tatu, omukoonezi, ambaye kazi yake ni kuisikia mishindo ya vibao viwili vya chini kabisa ndani ya mseto ule na kuirudia kwenye vibao viwili vya juu kabisa.

Jambo kama hilo hulijui kwa kusikiliza rekodi. Ni lazima mtu akuketishe upande wa pili wa ala.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Rais Obote wa Uganda, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia kasri la Kabaka pale Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia Uingereza na kufia huko mwaka 1969. Ala za kasri ziliharibiwa, wapigaji wakatawanyika, na mwaka uliofuata falme zote za Uganda zikafutwa kisheria. Hazikurudishwa hadi 1993. Pima mwenyewe huo muda: zaidi ya robo karne bila kasri, na wapigaji wa kasri wanazeeka. Zile tungo zimetufikia kwa sababu Muyinda na wenzake walikuwa wamezipanda kwa wengine, Waganda na wageni, na wengine wakaziandika. Kama Muyinda angesema yeye ni mpigaji wa Kabaka na si mwalimu, leo tungekuwa tunazungumzia majina ya nyimbo tu.

Wa pili ninayetaka umjue ni Dumisani Maraire wa Zimbabwe, na huyu ndiye aliye karibu zaidi na hali yako. Alisoma chuo cha Kwanongoma pale Bulawayo, ambako alikuwepo mzee Jege Tapera, aliyeleta chuoni mbira ndogo iitwayo nyunga nyunga, ala ya kupiga kwa vidole, yenye vyuma kumi na vitano. Mwaka 1968 Maraire alialikwa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, rika lako kabisa. Walimwalika kama msanii mgeni. Alichokifanya ni kuwafundisha kila aliyekuja, wanafunzi wa chuo na watu wa mtaani. Vile vyuma kumi na vitano akavipa namba, ili mtu asiyejua noti aweze kurudi nyumbani na karatasi na kukumbuka kidole kinakwenda wapi. Marimba kubwa za Kwanongoma akazitumia kwa akili: sauti za juu kwa mwenye uwezo, besi kwa anayeanza, kila mmoja na kipande chake, na wote wanapiga wimbo mmoja tangu mwezi wao wa kwanza wa kujifunza. Kutoka Seattle akaenda kufundisha Olympia, katika chuo cha Evergreen. Hadi leo kaskazini-magharibi ya Marekani kuna vikundi vya marimba na mbira ambavyo ukiuliza walimu wao walifundishwa na nani, na hao na nani, unarudi kwake.

Je, jukwaa lilimshinda? Mwaka 1992 Kronos Quartet, wale wapiga fidla, viola na chelo wa San Francisco, walitoa albamu ya kazi za watunzi wa Afrika. Maraire yumo. Yumo pia Obo Addy, mpiga ngoma wa Ghana aliyefundisha miaka mingi Oregon. Yumo Justinian Tamusuza wa Uganda, mtunzi na mwalimu wa muziki. Na yumo Hamza El Din, Mnubi mpiga udi. Huyo kijiji chake cha Toshka kilimezwa na maji ya Bwawa Kuu la Aswan. Kabla ya maji kufika alizunguka vijiji vya Wanubi na udi wake akikusanya nyimbo, na baadaye akafundisha katika vyuo vikuu vya Marekani hukuhuku akirekodi na kupanda majukwaa makubwa ya dunia. Sijui kama umeona wanavyofanana.

Binti yake Maraire, Chiwoniso, alizaliwa Olympia mwaka 1976, katika miaka ile baba yake akifundisha. Alianza mbira angali mtoto mdogo, akaja kuwa mwimbaji mkubwa wa Zimbabwe. Alifariki 2013, bado kijana.

Lakini najua unayemheshimu kuliko wote ni Ali Akbar Khan, kwa sababu ulinitumia rekodi yake ya sarodi, ile ala ya nyuzi ya India, saa nane za usiku. Basi msikilize na upande wake mwingine. Baba yake, Allauddin Khan, alimfundisha kwa ukali pale Maihar, mazoezi tangu alfajiri hadi usiku. Mwaka 1955 alikwenda New York kwa mwaliko wa Yehudi Menuhin, yule mpiga fidla maarufu, na watu wa huko wakasikia muziki wa Kihindi kama hawajawahi kuusikia. Angeweza kuishi kwa matamasha peke yake hadi mwisho. Badala yake alifungua chuo Kolkata mwaka 1956, kisha kingine California mwaka 1967, na pale California akafundisha hadi kufariki kwake mwaka 2009. Walioingia darasani kwake wanasimulia kwamba ala zote zilikaa chumba kimoja, sarodi, sitari, fidla, gitaa, filimbi, na yeye alikuwa anaimba. Anaimba mstari mmoja, darasa linaujibu kwa ala. Anauimba tena ameugeuza kidogo, wanaujibu tena. Vile vibwagizo alikuwa akivitunga palepale mbele yao, kwa hiyo darasa lenyewe lilikuwa onyesho, na kesho yake linakuwa jingine. Mtu anayefundisha hivyo hapunguzi chochote kwenye upigaji wake. Anaulisha.

Hapo ndipo nataka ufike. Ukienda na karatasi ya mazoezi uliyonakili kitabuni utachoka baada ya wiki tatu, na wao watachoka kabla yako. Nenda na taksimu, upigaji wa peke yako unaoubuni palepale. Piga kwanza, wapige baada yako.

Utakutana na tatizo moja siku ya kwanza kabisa, nakwambia mapema. Wengi wao masikio yao yamelelewa na piano. Utawapigia Rast, ile makamu ya muziki wa Kiarabu, na ukifika noti ya tatu, sika yenyewe, ile inayokaa katikati ya mi na mi iliyoshushwa, utaona nyuso zinakunjamana. Kuna atakayekwambia kwa adabu kwamba waya umelegea. Usibishane naye, na tafadhali usiisogeze noti ikae mahali wanapopataka. Mwite mmoja akae kando yako, avute mwenyewe kile kijiti kidogo cha chuma kilicho kushoto, kwenye nyuzi tatu za noti ile, kipande kimoja kimoja, asikie sauti inavyopanda kutoka huzuni hadi kufika pale. Kisha mwambie aiimbe. Sikio linakubali polepole, lakini likikubali haliachi. Hata kwetu akodiani na kinanda cha umeme vya kawaida havina noti hiyo, na nimeona vijana wetu wanaoipitia juu kwa juu kwa sababu hiyo. Kwa hiyo kuilinda huko ni kuilinda na hapa.

Watakutaka pia onyesho la mwisho wa muhula. Lifanye, ila ukatae wazo la kuwavika kanzu na kofia halafu wapige nyimbo mbili nusunusu. Bashrafu moja, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia onyesho, waliyoimiliki, inatosha usiku mzima. Na upande jukwaani wewe mwenyewe, usiku mwingine, na wapigaji wa kiwango chako, wanafunzi wakae wakutazame. Mwalimu ambaye wanafunzi hawajamwona akipiga kwa nguvu zake zote amewanyima nusu ya somo.

Kuhusu heshima, sitakuficha. Miaka ya 1960, Mantle Hood, profesa wa muziki pale Los Angeles, aliposisitiza kwamba mwanafunzi wa muziki wa dunia lazima aupige, si kuusoma tu, vyuo vikuu vilianza kuwaalika mabingwa kutoka Java, India, Ghana na kwingineko. Lilikuwa jambo jema. Hata hivyo wengi wa mabingwa hao walipewa vyeo vya pembeni, wakati wenye shahada, ambao baadhi yao walikuwa wanafunzi wao, wakakalia viti vya uprofesa. Abraham Adzenyah, Mghana, alifundisha ngoma katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, Marekani, tangu 1969 hadi 2016. Hebu fikiria vizazi vya wanafunzi waliopita mikononi mwake. Maraire yeye aliamua kurudi darasani na akachukua udaktari wa muziki, kisha akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Zimbabwe. Nawe ukipata mlango wa kusoma, usiudharau. Wakikuita "msanii mwalikwa" liwe jina la barua tu. Malipo yawe ya mwalimu, yahesabu saa za maandalizi, na saa za kutia nyuzi na kupatanisha ala za chuo, maana najua watakuachia wewe.

Wala usisubiri hadi huko. Yule mtoto wa jirani yenu anayesimama dirishani kila ukifanya mazoezi, mwingize ndani. Mzee Hukwe Zawose alizunguka dunia na zeze na marimba za Kigogo, akarekodi na watu wa Uingereza, lakini akirudi Bagamoyo alikuwa mwalimu wa Chuo cha Sanaa na mwalimu wa watoto wake mwenyewe. Alifariki mwishoni mwa 2003, na ukoo ule bado unapiga.

Sasa tuzungumze mkataba. Mama yako amenitumia picha ya ukurasa wa tatu. Kuna kifungu kinachosema chuo kinaweza kurekodi masomo yako na kuyatumia kipendavyo, bila mwisho. Usitie saini kikiwa hivyo. Waandikie kwamba masomo yarekodiwe kwa matumizi ya wanafunzi wa darasa hilo tu, na kila onyesho liwe na makubaliano yake kuhusu kurekodi na malipo. Waulize pia nani analipia ganuni kwenye ndege, maana haitoshei kwenye kabati la juu, na kama itashushwa kwa mizigo unahitaji kasha gumu na nyuzi zilegezwe kwanza. Hapo waongezee bei ya seti nzima ya nyuzi za akiba, kwa sababu huko ulikopangiwa sidhani utazipata dukani. Rasimu ya jibu lako nitumie leo usiku niipitie, uwapelekee kabla ya Ijumaa.

Mjomba wako