Maji ni yale yale

Zuhura shoga yangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mama anakuulizia kila siku. Unisamehe kimya changu, barua hii nimeianza mara tatu.

Leo kilichonishikisha kalamu ni Salma. Mwalimu wake kaniambia mtoto bado hajafika umri wa kufikiri kimantiki, tumngoje atimize miaka 7. Niliumia, Zuhura. Jioni nikamfanyia lile jaribio la Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi: bilauri mbili sawa, maji sawa, nikamuuliza, kisha maji ya moja nikayamiminia kwenye bilauri nyembamba, ndefu, nikamuuliza tena. "Wapi kuna maji mengi?" Akaonyesha ile ndefu bila kusita.

Usiku nikamkumbuka yule dubu wa kidoli katika jaribio la watafiti McGarrigle na Donaldson, la mwaka 1974. Kidoli mtukutu ndiye anayevuruga safu ya vitu, si mtu mzima, na watoto wengi zaidi wa miaka 4 hadi 6 wakajibu sawasawa, kwamba idadi ni ile ile. Maana mtoto akimwona mkubwa amebadilisha kitu makusudi, halafu anarudia swali lile lile, hudhani na jibu linatakiwa libadilike. Sasa mimi nilimpima Salma akili, au utii?

Na Vygotsky, yule mwanasaikolojia wa Urusi, je? Walizaliwa mwaka mmoja na Piaget, 1896, ila yeye kifua kikuu kilimchukua 1934, ana miaka 37 tu. Salma akicheza huongea peke yake: "Hiki hapa. Hapana, kile." Piaget aliyaona maneno hayo kuwa ya mtoto asiyeweza bado kujiweka mahali pa mwenzake. Vygotsky akasema ndiyo kufikiri kwenyewe, baadaye yanaingia ndani yakawa mawazo ya kimya. Nikimsikiliza mwanangu, namwamini Vygotsky. Juzi picha ya vipande ilimshinda, nikamwambia tu, "Anza na pembe," akaimaliza. Mtu wa namna hiyo unamngojaje miaka 7?

Lakini yale maji hayanitoki. Asubuhi nimemjaribu tena, safari hii nikauliza mara moja tu, baada ya kumimina. Ile ndefu tena! Basi Piaget hakuota, kuna kitu alikiona. Ila kukiona ni kimoja, na kumfungia mtoto mlango...

Wewe uliyekaa na watoto wadogo miaka yote hiyo, unaonaje? Wako walianza lini kusema maji ni yale yale? Walifundishwa, au siku ilifika tu? Nirudi kwa mwalimu, au nimsaidie mwenyewe nyumbani? Na mgongo wako umepoa?

Nijibu upesi.

Wako,
Mama Salma