Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Mtoto Aliyemeza Betri Apigwe Picha Kwanza

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima zote. Hii ni barua yangu ya tatu kwako. Ya kwanza niliileta kwa mkono, ikagongwa muhuri mbele yangu. Ya pili ilijibiwa kwa mistari miwili: suala langu limepokelewa na linafanyiwa kazi. Jibu hilo limetimiza miezi 14. Nimelitia kwenye bahasha moja na kadi za kliniki za mwanangu, kwa hiyo kila nikitoa kadi, nalo linatoka.

Nilishakata tamaa ya kuandika. Kilichonirudisha ni Jumanne iliyopita.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la korido na mwanangu, tunasubiri zamu yake ya kutanuliwa umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Akaingia mama mmoja, binti mdogo, amembeba mtoto begani. Mtoto anatokwa na udenda, na si ule wa kuota meno. Ulikuwa unashuka mfululizo, bega lote la gauni la mama limelowa. Halii. Anajaribu kumeza, anakunja uso, anauachia udenda utoke. Mheshimiwa, uso ule ninaujua. Nikamsikia mama yake akieleza dirishani kwamba mtoto alikuwa anachezea mzani wa kupimia uzito, na betri ya mzani haionekani. Akaulizwa kama mtoto ana homa. Hana. "Basi kaa foleni, mama, utaitwa."

Walipokuwa bado benchini baada ya muda mrefu, nilishindwa kuvumilia. Nilimkabidhi mwanangu kwa mtu nisiyemfahamu, nikaenda kuligonga lile dirisha kwa kiganja na kupaza sauti mpaka daktari akatoka. Picha ya eksirei ikapigwa. Betri ilikuwa imekwama sehemu ya juu ya umio. Tangu waingie mlangoni ilikuwa imepita saa nzima na robo, na picha yenyewe ilipatikana kwa sababu tu siku hiyo nilikuwa na kliniki. Ingekuwa Jumatano, nani angegonga?

Sasa naomba nikukumbushe ya kwangu, maana sijui kama barua zile zilifika mezani kwako.

Mwanangu alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minane. Kifuniko cha rimoti kilikuwa kimevunjika, tumekishikiza kwa gundi ya karatasi. Saa kumi jioni nilimsikia anakohoa kama aliyepaliwa, nikamkuta ameshika rimoti, kifuniko kimetoka, mahali pa betri ni patupu. Ni zile betri bapa za duara ambazo wengi tunaziita betri za saa. Saa kumi na moja tulikuwa hospitali. Nilisema wazi: nadhani amemeza betri. Nikajibiwa kwamba kama ameimeza ataitoa kwenye haja, nimwangalie kwenye nepi siku mbili tatu. Nikaongeza kwamba rimoti yenyewe ilikuwa imeshaacha kufanya kazi. Nikaambiwa basi ndiyo vizuri, betri imekufa. Tukarudi nyumbani na dawa ya kikohozi.

Usiku ule nilifungua nepi mara nne nikitafuta betri ambayo haikuwa imeshuka hata kidogo. Alikataa maziwa, alikataa maji. Saa sita usiku alitapika ute wenye nyuzi za damu. Tukarudi. Saa saba ndipo akapigwa picha, saa tisa tangu aimeze. Ilitolewa alfajiri, saa kumi na moja, baada ya rufaa. Walinionyesha kwenye bakuli la chuma: upande mmoja bado unang'aa, namba 2032 inasomeka vizuri, upande wa pili umekuwa mweusi kama makaa.

Daktari wa upasuaji, Mungu ambariki, alikaa akanieleza. Nilidhani betri ilipasuka ikavuja sumu. Akasema hapana, haihitaji kupasuka. Ikikwama, ule ute wa umio unaunganisha pande zake mbili, umeme unapita, na kwenye upande hasi inazaliwa kemikali kali ya jamii ya magadi, kama ya kuzibulia mabomba ya maji machafu. Nyama inaanza kuyeyuka. Ndani ya saa 2 tu madhara makubwa yanaweza kuwa yameshatokea. Na betri "iliyokufa" ambayo haiwezi tena kuendesha rimoti inabaki na umeme wa kutosha kuunguza umio wa mtoto. Akanionyesha maana ya ile namba: 20 ni upana kwa milimita, 32 ni unene wa milimita 3.2. Ni upana huo, akasema, unaoifanya ikwame kwa watoto wadogo.

Hata baada ya kuitoa hatukulala. Upande wa umio ulioungua unaweza kuendelea kuoza mpaka ukatoboa koo la hewa, au ukafikia aota, mshipa mkuu wa damu, na mtoto akatoka damu ghafla siku nyingi baadaye, hata wiki kadhaa. Wiki tatu wodini nilikuwa nikiona doa jekundu kwenye shuka napiga ukelele. Mengine yalikuwa juisi. Mungu alitunusuru na damu, lakini umio ulipona kwa kovu, kovu likasinyaa, na njia ya chakula ikawa nyembamba. Mpaka leo ametanuliwa mara 11, kila mara kwa dawa ya usingizi. Kwa miezi saba alilishwa kwa mrija uliopitishwa tumboni. Alikuwa akituona tunakula, anafungua mdomo.

Nimejiuliza sana kwa nini tulirudishwa nyumbani. Sidhani ni roho mbaya. Nahisi ni mazoea. Vitu vingi watoto wanavyomeza kweli hutoka vyenyewe: shanga, vifungo, hata sarafu ikishafika tumboni. Daktari aliyeona sarafu mia zikitoka salama atamwambia mama asubiri, na kwa sarafu huenda yuko sahihi. Lakini betri iliyokwama haisubiriwi. Wala sumaku mbili hazisubiriwi, maana zinavutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Na mama hawezi kujua kimekaa wapi kwa kumtazama mtoto. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote saa za mwanzo, wengine dalili zao zinafanana na mafua na tonsili. Ni picha tu inayosema. Niliiona ile ya mwanangu: duara ndani ya duara, kama pete mbili. Sarafu kwa kawaida haina ile pete ya ndani. Ukipiga kwa ubavu, betri inaonyesha kijingazi pembeni. Mtu akionyeshwa mara moja, kesho ataitambua.

Mtambo wa picha ulikuwepo siku ile, Mheshimiwa. Ulikuwa mlango wa tatu kutoka dirishani. Labda jioni anayepiga picha haitwi mpaka daktari aandike, na daktari haandiki mpaka mtoto aonekane mgonjwa. Sijui. Ninachojua ni kwamba hatukuukosa mtambo. Tulikosa mtu mwenye ruhusa ya kusema huyu apite.

Hata njiani kulikuwa na cha kufanya na hakuna aliyeniambia. Nimekuja kujifunza kwamba mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, kama betri imemezwa ndani ya saa 12 zilizopita na bado anaweza kumeza, anaweza kupewa asali mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita, wakati anakimbizwa hospitali. Asali haiponyi wala haichukui nafasi ya kuitoa betri, na safari isichelewe kwa kuitafuta. Inapunguza makali tu. Aliye chini ya mwaka asipewe kabisa. Wala mtoto asitapishwe. Mambo haya yanaenea kwenye nusu ya karatasi! Kwenye barua ya kwanza niliomba hiyo nusu ya karatasi.

Niliomba pia mambo mengine. Niliomba vifuniko vya vifaa vifungwe kwa skrubu, kwa sababu nchi nyingine wameweza: Australia ilianza kulazimisha viwango vya betri hizi Juni 2022, na Marekani ikapitisha Sheria ya Reese Agosti mwaka huohuo, iliyopewa jina la mtoto aliyefariki kwa betri. Niliomba semina kwa wauguzi, niliomba matangazo ya redio. Najua mengine si ya wizara yako peke yako. Basi nayaweka pembeni yote. Sitaki semina, sitaki tume, sitaki jibu jingine la mistari miwili.

Nataka agizo moja lenye sahihi yako: mzazi akisema "nadhani amemeza betri", mtoto apite foleni, apigwe picha ya shingo, kifua na tumbo palepale, usiku au mchana, awe na homa au asiwe nayo, alipie kwanza au asilipie. Ikionekana kwenye umio, gari la rufaa liwashwe. Picha kwanza. Nakuomba kama mama, Mheshimiwa, picha kwanza.

Wewe mwenyewe ulinipa ahadi tukiwa wodini. Ulisimama miguuni pa kitanda chetu, ukaushika mrija wa mwanangu kwa vidole viwili, taratibu, ukauliza anaitwa nani. Ukasema hili lisitokee tena kwa mtoto mwingine. Niliamini, na bado naamini ulimaanisha. Lakini Jumanne limetokea tena, kwenye dirisha lilelile.

Kliniki yetu ijayo ni Alhamisi ya wiki ijayo, saa moja asubuhi. Nitakaa benchi lilelile. Ukutani, juu ya kichwa cha karani, kuna tangazo la saa za kuona wagonjwa, na pembeni yake pana nafasi ya karatasi moja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama wa mtoto aliyemeza betri