Majaketi manane kwa abiria 26: barua ya malalamiko

Wanafunzi 22 wa Mwaka wa Pili,
Jiografia na Historia,
DODOMA.

26 Mei 2025

Meneja,
Kampuni ya Matembezi na Utalii,
MWANZA.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YETU YA TAREHE 16 HADI 18 MEI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa niaba ya wenzangu 21 niliosafiri nao kutoka Dodoma kuja Mwanza kupitia kampuni yenu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwasiliana na ofisi yenu tangu Machi, na ndiye niliyekusanya fedha: shilingi 165,000 kwa kila mtu, jumla shilingi 3,630,000, tulizozituma kwa simu kwa awamu mbili. Fedha hizo zilitoka kwenye bumu, yaani mkopo wetu wa chuo. Wapo wenzangu waliokula maharage na chapati wiki tatu mfululizo ili wasibaki chuoni. Nalitaja hili mwanzoni kabisa kwa sababu nilipopiga simu Jumatatu ya tarehe 19, aliyepokea ofisini kwenu alinijibu kwamba wanafunzi tunapenda kulalamika. Hatupendi. Ningefurahi sana kama wiki hii ningekuwa nawaandikia shukrani.

Na kwa sehemu ya Ijumaa, shukrani mnastahili. Kwanza niyapite yale madogo: basi lilitushusha Nyegezi saa kumi na moja alfajiri, gari lenu likafika saa tatu asubuhi, na loji tuliyoahidiwa kule Capri Point ikageuka kuwa loji nyingine mbali na ziwa, watatu watatu katika vyumba vya watu wawili. Tulinung'unika, tukanawa uso, tukatoka. Dada aliyetuongoza siku hiyo anaijua Mwanza na anaipenda. Alitupitisha Makoroboi, pale wachuuzi wanapobanana chini ya mawe, akatueleza habari za mafundi wa koroboi walioipa sehemu hiyo jina lake. Alitupeleka kuliona Jiwe la Bismarck likiwa limekaa juu ya wenzake kama limewekwa kwa mkono. Sisi tumesoma darasani namna matale, yaani mawe ya graniti, yanavyopasuka yakiwa bado ardhini, maji yakapenya kwenye mipasuko na kuyala kwa miaka isiyohesabika, hatimaye udongo ukasombwa na kuyaacha mawe yamebebana. Kuyasoma kwenye kitabu na kusimama mbele yake ni mambo mawili. Mchana tukala sato wa kukaanga na ugali, na mama muuzaji akatuongezea matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kwenda nayo njiani. Mfikishieni dada huyo salamu zetu.

Alasiri tukavuka kwenda Saanane. Nakuomba, ndugu Meneja, usome sehemu hii taratibu, maana ndiyo inayofanya yaliyotokea kesho yake yasiwe na udhuru. Kisiwa cha Saanane kipo karibu na mji kiasi kwamba ukiwa kule unaziona nyumba za Capri Point waziwazi. Kuvuka ni dakika chache tu. Hata hivyo, kabla boti ya hifadhi haijaondoka, kila mmoja wetu alivalishwa jaketi okozi, likafungwa, likakaguliwa. Kijana mmoja wetu alilegeza mkanda ili apige picha vizuri, akaambiwa aufunge au ashuke. Akaufunga. Tukaenda, tukawaona pimbi na wale mijusi wenye vichwa vyekundu na miili ya buluu wakiota jua kwenye mawe, tukarudi salama. Kwa hiyo Mwanza inajua namna ya kumvusha mtu majini. Siandiki kuhusu mji usio na vifaa wala ujuzi.

Sasa Jumamosi.

Ratiba yenu, ambayo ninayo kwa maandishi, inasema: saa mbili asubuhi kuondoka kwenda Bujora, Kisesa, kutembelea Makumbusho ya Wasukuma, njiani kusimama Igoma dakika ishirini. Mchanganuo wa bei unaonyesha shilingi 25,000 kwa kila mtu kwa safari hiyo. Bujora ndiyo iliyotufanya tuchague Mwanza badala ya mji mwingine. Mwenzetu mmoja anaandika kazi yake kuhusu vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, na alitaka kuziona ngoma za watemi na kanisa lililojengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma, kazi zilizoanzishwa na Padri David Clement aliyetoka Canada. Alikuwa ameandaa maswali kurasa nne.

Ombi la kusimama Igoma lilitoka kwa mwenzetu mwingine. Ni mtoto wa Bukoba. Bibi yake mzaa mama alipanda MV Bukoba Mei 1996 akija Mwanza kumwona mwanawe aliyejifungua. Meli ikazama tarehe 21, Mwanza ikiwa karibu kabisa. Waliokufa walizidi 800. Baadhi yao walizikwa Igoma, na familia ya mwenzetu haikuwahi kujua kama mama yao ni mmoja wa hao au alibaki ziwani. Yeye mwenyewe hakuwa amezaliwa. Mama yake hajaweza kwenda hadi leo, kwa hiyo alimtuma yeye. Haya yote nilimweleza mtu wenu kwa simu mwezi Aprili, nikamwomba aandike dakika ishirini, naye akaandika.

Saa mbili gari halikuja. Wala saa tatu. Saa nne kasoro mwongozaji wenu mpya, kijana tofauti na dada wa Ijumaa, akatuambia gari limepata dharura, Bujora haipo. Baadaye dereva mwenyewe alituambia kwamba gari lilikuwa limepewa kundi jingine lililolipa zaidi. Tulipouliza fedha yetu, kijana akasema tusiwe na wasiwasi, tutafidiwa kwa matembezi ya boti jioni, kuangalia jua likizama nyuma ya mawe, bure. Wengine wetu walifurahi. Siwezi kuwalaumu.

Mwenzetu wa Bukoba hakusema neno. Tulipanda daladala naye watu saba, tukashuka Igoma, tukauliza njia. Alisimama pale muda mrefu. Alikuwa amebeba kanga ya bibi yake, akaikunjua, akaikunja tena, akairudisha kwenye mkoba. Hayo hayawahusu ninyi, isipokuwa kwa jambo moja: saa chache tu baadaye, mtu anayevaa fulana yenye jina la kampuni yenu alitaka kumpandisha msichana huyo kwenye boti iliyojaa kupita kiasi.

Tulifika ufukweni saa kumi na mbili kasorobo jioni. Boti ilikuwa ya mbao, na ubavuni pameandikwa kwa rangi nyeupe ABIRIA 15. Nimeambatanisha picha. Tulikuwa 22. Walikuwapo watu sita wengine tusiowajua, ambao kijana wenu alikuwa amewatoza fedha palepale mbele yetu. Majaketi okozi yalikuwa manane. Moja kifungo chake kimekatika, likafungwa kwa kanga. Nilimuuliza mengine yako wapi. Akasema wavae dada zetu kwanza, wanaume wajikaze. Wasichana kwenye kundi letu ni 11, kwa hiyo hata kwa hesabu yake yeye mwenyewe hayakutosha.

Mwenzetu akasema hapandi. Alisema kwa heshima, tena alimwita kaka. Kijana wenu akamjibu, na sisi sote tulisikia: "Basi baki hapo na uoga wako, wenzako watakuletea picha."

Wasichana wawili walibaki naye. Mimi nilipanda. Nilipanda kwa sababu mimi ndiye mratibu, wengi walishakaa, nikaona bora niwe nao. Ulikuwa uamuzi mbaya, na nimewaomba radhi wenzangu wote. Lakini mimi ni mwanafunzi wa miaka 22 kutoka nyanda kavu, na kabla ya wiki hiyo sikuwahi kupanda boti. Ninyi mna leseni ya kuwatembeza watu.

Tukiwa tumelipita Jiwe la Bismarck na jua limeshazama, injini ikazima. Nahodha, mzee mtulivu ambaye naamini alipewa abiria asiowataka, akaivuta kamba mara nyingi, ikakohoa, ikanyamaza. Upepo ulikuwa umeanza. Boti ikageuka ubavu kwenye mawimbi, na maji yakaanza kuingia nyuma, si mengi, ila ya kutosha kumfanya mzee achukue kopo la rangi na kuanza kuyachota huku akituomba tusisimame. Watu walitaka kusimama. Katika kundi letu wanaojua kuogelea hawafiki sita. Kijana wenu alikuwa amevaa jaketi, moja kati ya yale manane. Alilivaa lini sijui.

Tulikaa hivyo takribani dakika 25. Tuliwasha tochi za simu tukazipunga. Rafiki yangu mmoja alimpigia mama yake Singida, na mama alipopokea hakuweza kumwambia yuko wapi, akamwuliza tu kama wamekula. Ufukweni, wale watatu waliobaki walituona tunasogea mbali badala ya kurudi. Mwenzetu wa Bukoba ndiye aliyekimbia kuwatafuta wavuvi.

Wavuvi wa dagaa walikuwa wanajiandaa kutoka na taa zao. Wakaacha kazi yao, wakaja na mtumbwi wa injini, wakawahamisha wasichana wanane, wakafunga kamba, wakatuvuta hadi nchi kavu. Mmoja wao, mtu mzima, alitupokea mmoja mmoja kwa mkono akisema, "Pole mwanangu, pole, shuka taratibu." Tulimchangia shilingi 30,000 akakataa, akapokea baada ya kubembelezwa kwamba ni ya mafuta. Mafuta hayo yalipaswa kulipwa na kampuni yenu.

Kijana wenu alituaga palepale. Jumapili hakuonekana. Tulikodi bajaji wenyewe hadi Nyegezi.

Ndugu Meneja, ziwa mnalofanyia biashara halijasahau. Baada ya MV Bukoba ilikuja ajali ya kivuko MV Nyerere, Septemba 2018, mita chache kutoka kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafa mchana kweupe wakitoka gulioni. Kila mara tatizo la watu kupita kiasi limetajwa. Wakazi wa Mwanza wanayajua haya kuliko mimi. Wengi walienda kutambua maiti. Sielewi namna mtu aliyekulia kwenye mwambao huu anavyoweza kusoma ABIRIA 15 ubavuni mwa boti kisha akaendelea kuita watu wapande. Nimelifikiria jambo hili tangu nirudi na bado silielewi.

Ofisini kwenu nilipopiga simu niliambiwa mambo mawili: kwamba boti haikuwa yenu, mliikodi; na kwamba matembezi ya jioni yalikuwa zawadi, kwa hiyo hakuna cha kudai. La kwanza halinihusu. Sisi hatukumlipa mwenye boti, tuliwalipa ninyi, na aliyetupandisha ni mtu wenu. La pili si kweli. Tulipewa boti hiyo badala ya Bujora, na Bujora tulikuwa tumeshailipia.

Tunadai yafuatayo. Mturudishie shilingi 550,000 za safari ya Bujora, yaani 25,000 kwa watu 22. Mrudishe pia tofauti ya bei kati ya loji mliyotuuzia na ile tuliyolala, kwa kadiri ya risiti nilizoambatanisha. Fedha hizo tumekubaliana kuzipokea kwa namba ileile iliyotumika kuwalipa.

La tatu halina bei, na kwetu ndilo kubwa. Tunataka barua yenye saini yako inayosema kwamba hakuna mteja wa kampuni yenu atakayepandishwa tena kwenye boti isiyo na jaketi kwa kila aliyemo, wala boti iliyobeba zaidi ya idadi iliyoandikwa ubavuni, iwe yenu au ya kukodi. Tunataka pia kijana yule amwombe radhi mwenzetu. Namba yake ya simu nitaitoa akikubali yeye, na nimemuuliza, anasema atapokea.

Tunakupa siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Nakala nimeipeleka Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), kwa kuwa usalama wa vyombo vya majini ni kazi yao, nikiwa nimeambatanisha picha ya boti na muda wa tukio. Sikusubiri siku 14 kwa hilo, kwa sababu boti ileile huenda inapakia watu jioni ya leo. Suala la fedha lisipojibiwa tutalipeleka Tume ya Ushindani.

Mwenzetu aliyekuwa anaandika kuhusu ngoma bado ana zile kurasa nne za maswali. Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, ni mwezi ujao, naye amepanga kurudi Kisesa kwa nauli yake. Mkiirudisha fedha kabla ya hapo, itamfaa.

Wako,

Mratibu wa safari,
kwa niaba ya wanafunzi 22.

Viambatanisho: ratiba na mchanganuo wa bei, risiti za malipo, risiti ya loji, picha tatu za boti, majina na saini za wasafiri wote.