Gari la zamani lisilowaka asubuhi ya baridi lipimwe kabla halijabadilishwa vifaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo linalotusumbua wengi tunaoishi nyanda za juu na kumiliki magari ya petroli ya miaka ya tisini, yale yanayotumia nozeli za kupuliza petroli badala ya kabureta. Mimi ni mkazi wa Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako alfajiri za Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na wenzetu wa Makete huamka wakakuta majani yamefunikwa na sakitu. Katika miezi hiyo si ajabu kusikia stata zikilia mtaa mzima kabla jua halijachomoza, na ifikapo saa nne magari yaleyale yamejaa gereji yakisubiri kubadilishwa vifaa ambavyo, kwa ninavyoamini, mara nyingi havina kosa.

Gari langu ni Toyota Corolla ya mwaka 1997 yenye injini ya 5A-FE ya cc 1,498. Mwaka juzi lilianza kukataa kuwaka asubuhi. Stata ilizunguka kwa nguvu na taa hazikufifia, lakini ilinibidi nirudie mara sita au saba ndipo injini ishike, imisi, izimike, kisha ishike tena. Ikishapata joto ilikwenda kutwa nzima bila kasoro yoyote. Nililipeleka gereji likiwa limekwisha kutembea kilomita kadhaa, fundi akazungusha ufunguo likawaka papo hapo, naye akaniambia kwamba kwa vyovyote ni plagi, zile zinazowasha petroli kwa cheche. Plagi zikabadilishwa. Wiki iliyofuata ikabadilishwa betri, na mwezi uliofuata pampu ya mafuta, hadi nikawa nimetumia zaidi ya shilingi 400,000, na kila alfajiri tatizo lilikuwa palepale. Simlaumu fundi yule kwa kukosa ujuzi, kwa maana ni mtu hodari ambaye amewahi kufungua injini yangu na kuifunga ikarudi kuwa nzima. Ninachosema ni kwamba ugonjwa unaoonekana injini ikiwa imepoa hauwezi kutafutwa injini ikiwa ya moto, na injini ya gari hupoa kabisa ikishalala usiku kucha.

Yafaa kwanza tuelewe kwa nini baridi huleta tofauti kubwa hivyo. Petroli ikiwa katika hali ya kimiminika haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini ikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli inayopulizwa na nozeli hubaki matone na kunata kwenye kuta za njia ya hewa, hivyo kinachofika ndani ya silinda kikiwa mvuke ni kidogo mno. Katika magari ya kabureta dereva alivuta choki ili hewa ipungue na mafuta yazidi. Katika magari yetu kazi hiyo hufanywa na kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi huiita kontroli boksi, kwa kurefusha muda ambao nozeli hubaki wazi. Kompyuta hiyo haina namna ya kuhisi baridi yenyewe. Hutegemea taarifa ya sensa ndogo iliyochomekwa kwenye njia ya maji ya injini, na ikipewa taarifa ya uongo nayo hutoa mafuta ya uongo.

Kwa hiyo upimaji una mpangilio wake, na hauhitaji mashine ya gharama. La kwanza ni kasi ya stata. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 gari likiwa limezimwa, na wakati wa kupiga stata haipaswi kushuka chini ya volti 9.6 hivi, ikishuka zaidi, angalia betri, vichwa vyake vyenye ukungu, waya wa ardhi, na pia oili, kwa sababu oili nzito ya namba 40 inayowafaa watu wa pwani huwa kama asali katika baridi ya huku. Stata ikiwa nzima, fungua plagi mara tu baada ya kupiga stata bila mafanikio na uzitazame. Plagi zilizolowa na kunuka petroli zinaeleza kwamba mafuta yanafika lakini moto haupo, au mafuta yamezidi kwa kuwa kuna nozeli inayovuja usiku. Plagi kavu zinaeleza kwamba mafuta hayatoshi. Zangu zilikuwa kavu, na laiti ningezitazama siku ya kwanza badala ya kuzinunua, ningejua mapema kwamba hazikuwa na hatia.

Mafuta yakiwa hayatoshi, swali linalofuata ni kama presha inabaki kwenye bomba usiku. Kwa injini za aina hii presha huwa kati ya kilo 2.7 na 3.1 kwa sentimita ya mraba mpira wa vakyumu wa regyuleta (kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta) ukiwa umechomolewa, na dakika tano baada ya kuzima injini haipaswi kuwa chini ya kilo 1.5. Asiye na geji anaweza kutumia njia nyingine rahisi. Chini ya boneti ya Toyota za miaka hiyo kuna kiboksi kidogo cha kupimia, na ndani ya kifuniko chake herufi za kila tundu zimeandikwa. Alfajiri, kabla ya kupiga stata, washa swichi ya ufunguo, unganisha tundu la FP na la +B kwa kipande cha waya, na pampu itazunguka bila injini kuzunguka. Iache kwa sekunde chache, ondoa waya, kisha piga stata. Gari likiwaka mara moja, presha ilikuwa imeshuka usiku, na hapo ndipo penye haki ya kuchunguza vali iliyo ndani ya pampu, regyuleta ya presha, na nozeli zinazodondosha. Lisipowaka kwa wepesi zaidi ya siku zote, pampu iache ilivyo. Langu halikubadilika hata kidogo. Waya wa urefu wa kidole ungeniepusha na gharama ya pampu nzima.

Sasa nifike kwenye sensa yenyewe, ambayo ndiyo iliyokuwa mbaya wangu. Kwenye injini hii viko vifaa viwili vinavyopima joto la maji, na vimekaa jirani kiasi cha kuwachanganya watu: kimoja kina waya mmoja na kazi yake ni kusogeza mshale wa joto kwenye dashibodi, na kingine kina nyaya mbili na ndicho kinachozungumza na kompyuta. Fundi wa pili niliyemwendea alikubali kwamba huenda sensa ndiyo yenye kasoro, lakini akabadilisha ile ya waya mmoja, na kwa kuwa asubuhi iliyofuata gari halikuwaka, tukaamua sote wawili kwamba sensa haihusiki. Tulipoteza miezi miwili kwa kosa hilo.

Sensa ya nyaya mbili hupimwa kwa mita ya kawaida, soketi yake ikiwa imechomolewa na swichi ya ufunguo imezimwa. Injini ikiwa na nyuzi 20, usomaji wa ukinzani wa umeme unapaswa kuwa kati ya ohmu 2,000 na 3,000. Ikifika nyuzi 80, hushuka hadi kati ya 200 na 400. Baridi ikiongezeka ohmu huongezeka, hivyo katika alfajiri ya Njombe nilitarajia kuona zaidi ya 3,000. Jirani yangu, ambaye ni fundi wa redio, alikuja na mita yake saa kumi na mbili kasorobo, akasoma takriban 650. Maana yake ni kwamba gari likiwa limelala nje kwenye ukungu, kompyuta ilikuwa ikiambiwa kwamba maji yana nyuzi kama 60, nayo ikatoa mafuta ya injini yenye joto. Kisha jirani akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona gereji: alichukua rizista ya ohmu 3,300, kile kijiti kidogo chenye mistari ya rangi, akakichomeka kwenye soketi mahali pa sensa, akaniambia nipige stata. Injini ilishika katika mzunguko wa pili. Nilikaa ndani ya gari nikisikiliza inavyonguruma, nikifikiria plagi, betri na pampu.

Wapo watakaouliza kwa nini taa ya injini haikuwaka kwenye dashibodi, na swali hilo ni la msingi. Taa hiyo huwaka sensa inapokatika kabisa au nyaya zinapogusana, na kwa Toyota za wakati huo, ukiunganisha tundu la TE1 na E1 kwenye kile kiboksi, taa hukonyeza namba 22, yaani mara mbili, inatulia, mara mbili tena. Sensa iliyochakaa ikasoma ohmu 650 haijakatika. Inatoa jibu ambalo kompyuta inaliona la kawaida, kwa maana kweli zipo nyakati ambapo maji huwa na nyuzi 60. Ndiyo maana kusema kwamba gari halina tatizo kwa sababu halionyeshi taa ni kusema jambo ambalo halijapimwa.

Kuna mazoea mawili ambayo nayapinga kwa moyo wote. La kwanza ni kumwaga petroli kwenye njia ya hewa ili gari lishtuke. Petroli ikirudisha moto, anayeungua uso ni kijana aliyeinama juu ya injini, na wengi wao ni wanafunzi wa gereji wasio na bima yoyote. La pili ni kuondoa themostati, ile vali inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Katika joto la Dar es Salaam watu huiondoa wakidhani wanaizuia injini isichemke, na mazoea hayo yamepanda hadi huku kwetu kwenye baridi. Injini isiyo na themostati huchukua muda mrefu sana kupata joto, kompyuta inaendelea kumimina mafuta ya ziada kilomita baada ya kilomita, plagi zinashika masizi, petroli inachujuka hadi kwenye oili, na baada ya wiki kadhaa gari ambalo lilikuwa linawaka vizuri nalo linaanza kusumbua asubuhi. Mwenye gari akiona mshale wa joto haupandi hadi karibu na katikati anapokwenda mjini, aulize kwanza kama themostati yake bado ipo.

Kiini cha haya yote, kwa maoni yangu, kiko katika namna tunavyolipa. Tumezoea kumlipa fundi kwa kifaa alichofunga, na akitumia saa nzima kupima na kugundua kwamba kosa ni soketi yenye kutu, tunampa fedha ya soda. Fundi mwenye watoto wa kulisha atachagua lipi? Atafunga pampu. Sisi wenye magari tumeyajenga mazoea hayo kwa mikono yetu, na hatuna haki ya kuwatupia mafundi lawama yote. Nasi pia ndio tunaokataa kulaza gari gereji, tukitaka litazamwe mchana na lirudi jioni, ilhali tatizo lenyewe huonekana alfajiri tu.

Fundi ninayemtumia sasa hulaza gari langu uani kwake, na kunapopambazuka huweka mita kwenye betri na kwenye sensa kabla hajagusa ufunguo. Tulikubaliana bei ya kazi hiyo tangu mwanzo, nami huilipa hata pasipobadilishwa kitu. Ningeomba wenye gereji wa Njombe, Mafinga, Mbeya na kwingineko kwenye baridi waiandike bei ya upimaji ubaoni, palepale wanapoandika bei ya kumwaga oili, ili mteja aijue kabla hajaacha ufunguo.

Msomaji wako,
Njombe Mjini